Anaimba namba hadi 50 ila ukimwambia alete vijiko sita anakwama, nifanyeje?

MamaWawili_Tabata

Habari za jioni wapendwa, naomba mnisaidie manake nimeshachoka kubishana na mwenzangu hapa nyumbani. Binti yangu anakaribia miaka mitano, yuko awali, shuleni wanasema yuko vizuri tu na kwenye daftari kila siku anarudi na vema. Anahesabu moja hadi hamsini bila kupumua, kuandika anafika ishirini. Sasa juzi niko jikoni nikamwambia niletee vijiko sita, kaenda kaleta lundo. Nikasema haya tuhesabu wote, akahesabu kwa sauti nzuri kabisa huku anagusa, ila mdomo unaenda mbio kuliko kidole, kijiko kimoja kakihesabu mara mbili, kingine kakiruka, kafika kumi na moja. Nikamuuliza kwa hiyo viko vingapi? Akaanza upya moja, mbili, tatu... Nikauliza tena, akaanza tena.

Baba yake anasema ni utoto, atakua. Mi naona kuna kitu hakijakaa sawa. Mtu mmoja kwenye grupu la wazazi kanitajia habari ya kufundisha namba kwa mpangilio, vidoti vidoti kama vya dadu, nikaona ni mambo ya shule za ada kubwa hayo. Kuna aliyeifanya nyumbani bila kununua makorokoro? Na inasaidia kweli au fasheni tu?

Mwl_Awali_Sengerema

Pole mama, ila usiogope, hao wako wengi sana. Mimi nafundisha awali na kila Januari napokea watoto wanaoimba mpaka mia. Kuimba namba na kuhesabu vitu ni kazi mbili tofauti. Kuhesabu kunamtaka mtoto afanye mambo kibao kwa mpigo, ataje namba kwa mfuatano wake, kila kitu akiguse mara moja tu, akumbuke alichogusa na ambacho bado, halafu mwisho ajue kwamba ile namba aliyomalizia ndio idadi ya vyote. Hilo la mwisho ndio binti yako hajalipata. Ndio maana ukimuuliza vingapi anaanza upya, kwake yeye "vingapi" maana yake "imba tena", na yeye mtoto mtiifu anaimba.

Sasa mpangilio unaingia hapo. Vijiko vikiwa shaghalabaghala lazima avifuate kimoja kimoja na ndipo anapopotea, vikipangwa anaviona. Chukua trei ya mayai ile ya karatasi, ya mayai 30. Ina safu sita, kila safu vishimo vitano. Kata kwa mkasi kila baada ya safu mbili, unapata vipande vitatu, kila kimoja kina vishimo kumi, vitano juu vitano chini. Tafuta vizibo vya soda kumi, duka lolote lenye friji watakupa bure. Sheria ni moja tu, tunajaza mstari wa juu kwanza kuanzia kushoto, ukijaa ndio tunashuka chini. Basi.

Muwekee vinne, aone juu kumebaki shimo moja. Weka sita, juu kumejaa na kimoja kimeshuka, sita sasa ina sura, ni tano na moja. Saba ni tano na mbili. Nane, aangalie chini kumebaki mashimo mawili. Tisa kumebaki moja, na watoto wanaipenda hiyo tisa sijui kwanini, darasa zima linapiga kelele "bado mojaaa". Hapo unamfundisha kuhesabu na kutoa kwa pamoja na yeye hata hajui.

Na usimuulize vingapi kwanza. Muulize "umeonaje?" Atakwambia "juu kumejaa na chini viwili". Hiyo ni hesabu tayari. Fanya dakika chache kabla ya kula, akianza kuvirusha vizibo ujue kachoka, funga duka.

Mzee_wa_Njiti

Mnatusumbua na mambo ya kizungu. Sisi tumesoma chini ya mwembe, tumehesabu kwa njiti na kokoto, mwalimu kashika fimbo, na leo tunajenga barabara na madaraja. Mtoto hata miaka mitano hajatimiza mwacheni acheze, akifika darasa la kwanza atahesabu mwenyewe. Vidoti vidoti vya nini.

Mwl_Awali_Sengerema

Shikamoo mzee. Hizo njiti mlikuwa mnazifanyaje zikifika kumi? Si mlizifunga kwa kamba? Mkiambiwa 43 hakuna aliyekaa kuhesabu njiti arobaini na tatu moja moja, unachukua mafungu manne na njiti tatu za pembeni, unapeleka kwa mwalimu. Huo ndio mpangilio wenyewe, hatujaleta kitu kipya. Nenda hata sokoni, mama wa nyanya anapanga fungu tatu chini moja juu, ukipita tu unajua ni nne, na siku akipanga mbili chini moja juu unamwambia mama leo umetupunja na wala hujanyoosha kidole. Jicho limeona. Kwenye fimbo tu ndio hatutaelewana mzee wangu.

Bahari_Mvita

Nasalimia kutoka Mombasa. Hapa Kenya kwenye mtaala wetu mtoto wa PP1, yaani mwaka wa kwanza wa awali, anaanza na kupanga vitu kwa aina, kuoanisha, kufuatanisha na ruwaza, nyekundu buluu nyekundu buluu, kisha ndio tunaingia kwenye namba. Wazazi wanalalamika eti mtoto anacheza na vifuniko tu hajaandika kitu, lakini mtoto akijua kwamba baada ya nyekundu inakuja buluu ameshaanza kutafuta utaratibu, na namba ni utaratibu.

Mama mimi nakuongezea kitu kimoja juu ya ile trei. Kata boksi la biskuti vipande kama karata, chora vidoti vikubwa kwa kalamu ya wino mzito. Kadi moja vidoti viwili, nyingine vitatu, nyingine vinne. Unaonyesha kisha unafunika hapo hapo, yaani funua funika. Ukimwachia kadi wazi atarudi kwa kidole, moja, mbili, tatu. Ukifunika haraka hana namna, inabidi aone kwa mkupuo. Usikimbilie saba siku ya kwanza, wazazi wengi wanaharibia hapo, mtoto anaanza kubahatisha na akishazoea kubahatisha kumtoa huko ni kazi.

Halafu badilisha sura. Hili naomba ulishike. Nina mtoto mmoja darasani, kadi ya tano ile ya dadu, vinne kwenye kona na kimoja katikati, anaitaja kabla sijamaliza kuinua mkono. Nikafurahi. Siku nikampa vifuniko nikamwambia nitengenezee tano kama ile ya kadi, akapanga X kubwa nzuri imenyooka, nikahesabu, vifuniko tisa! Nikamuuliza hii ni ngapi, "tano teacha". Yaani sura ya X ameishika kabisa, idadi hana habari nayo. Kwa hiyo tano iwe ya dadu leo, kesho iwe tatu juu mbili chini, keshokutwa mstari mmoja, siku nyingine geuza kadi kichwa chini. Akisema zote ni tano na akaweza kuzitengeneza mwenyewe hapo ndio ameipata.

mdau_maktaba

Kwa wanaouliza kama ni fasheni. Mwaka 1871 Muingereza mmoja, William Stanley Jevons, yule wa mambo ya uchumi, alikaa akawa anarusha maharage meusi kwenye boksi, anatupa jicho mara moja, anataja idadi, halafu ndio anahesabu kuhakikisha. Amefanya hivyo zaidi ya mara elfu moja na akayaandika kwenye jarida la Nature. Yakiwa matatu au manne hakukosea hata mara moja. Yakifika matano akaanza kuteleza kidogo, na kadiri yalivyoongezeka ndivyo alivyozidi kukosea. Na huyo ni mtu mzima, msomi, hana haraka.

Maana yake jicho letu linashika tatu nne kwa mara moja, juu ya hapo linataka msaada, na msaada wenyewe ni kugawa. Ukiona sita kwenye dadu huhesabu sita, unaona tatu na tatu. Angalia soroban, ile abakasi ya Wajapani, kila mstari una shanga nne chini na moja juu inayosimama badala ya tano, kwa hiyo hakuna mahali jicho linalazimika kuhesabu zaidi ya nne. Waholanzi nao wana kifaa chao cha watoto, shanga ishirini kwenye mistari miwili, kila mstari tano nyekundu na tano nyeupe, mtoto anasukuma saba kwa mkono mmoja kwa sababu anaona nyekundu zote na nyeupe mbili. Hiyo unaitengeneza kwa waya na shanga za dukani, ila uliza kwanza ni shanga za nani humo ndani usije ukavunja ndoa 😂

Kokoto_5

Watu mmesahau MDAKO. Kishimo chini, kokoto ndani, unarusha moja juu, kabla haijashuka unazitoa, unazirudisha unabakiza moja, raundi ya pili unabakiza mbili, ya tatu tatu. Ukibakiza nne badala ya tatu umeungua. Na macho yako juu kwenye lile jiwe, utahesabu saa ngapi? Dada zangu walikuwa wanaziona tatu kwa jicho la pembeni. Siku hizi watoto wamekaa na simu, kuna gemu la kuhesabu vipepeo, kipepeo mwenyewe hatulii.

MamaWawili_Tabata

Jamani asanteni. Trei nimekata, vizibo nimepata kwa mangi, na mtoto amependa kwa kweli, mdogo wake anataka kuvimeza lakini tunapambana. Sasa nina maswali. Moja, nikimuwekea saba anasema haraka "tano na mbili", lakini nikimuuliza kwa hiyo inaitwaje anaganda. Pili, akishaizoea kumi naenda wapi, manake shuleni wako kwenye hamsini huko. Tatu, ule wimbo wa namba wa shule nimkataze au nimwache?

Mwl_Awali_Sengerema

Wimbo mwache! Tena aimbe sana. Mfuatano wa namba hana pa kuupata ila kwa kuimba, asipoujua hata hizo trei zitamshinda. Tunachofanya ni kuupa wimbo kitu cha kushika.

Hiyo ya saba: mfunikie mstari wa juu kwa kiganja chako. Mwambie hapa chini ya mkono kuna tano, unazijua, sasa endelea. Ataanza "moja, mbili" kama kawaida, wewe gonga mkono wako sema "tanooo", halafu mwachie vile viwili vya chini, "sita, saba". Ataleta ubishi, atataka uinue mkono ahakikishe, inua, mwache ahakikishe, usione ni kupoteza muda. Siku atakayoanzia tano mwenyewe bila kuinua mkono wako ujue hataanzia tena moja kwenye kila kitu. Namba zenyewe utaandika kwenye kipande cha karatasi na kuweka pembeni ya trei, 7 ikae na ile picha, macho yazoee kuviona pamoja.

Mimi darasani nina watoto zaidi ya themanini, trei za kuwatosha sina, nachora kwa chaki sakafuni na wengine nje kwenye mchanga kwa kijiti, mistari miwili ya vyumba vitano. Wanaruka humo kwa miguu. Kwa hiyo asije mtu akasema hana vifaa.

BabaPacha_Muscat

Niongezee kwenye swali la pili, la kuvuka kumi. Mimi wanangu wawili wanasoma huku Oman, shuleni Kiarabu, nyumbani Kiswahili. Kumi na moja mpaka kumi na tisa Kiswahili kinambeba mtoto, kumi na tatu anaisikia na anaiona, trei moja imejaa na vitatu kwenye trei ya pili. Ila ikifika 21 ndio fujo, Kiarabu wanaanza na moja ndio waje na ishirini, sisi tunaanza na ishirini. Mmoja wa pacha akawa anaandika 12 anaposikia 21 na kinyume chake, na mama yao akaona ni kichwa kizito.

Nilichofanya ni kuacha kubishana na maneno. Nikaweka trei mbili zilizojaa na kizibo kimoja pembeni. Taja kwa Kiarabu, taja kwa Kiswahili, taja na Kiingereza ukitaka, vitu ni vile vile, trei mbili na kimoja. Halafu chini ya trei naweka 2, chini ya kizibo naweka 1. Mbili inakaa kwenye trei zilizojaa, mkianza na kidogo au kikubwa kwa mdomo shauri yenu. Ilichukua wiki kadhaa lakini imekaa. Kwa hiyo mama usihangaike na hamsini ya shule, hamsini ni trei tano zilizojaa, siku akiona hivyo ataicheka.

Shangazi_Makunduchi

Mie skuli sikufika mbali lakini hesabu hanipunji mtu. Watoto wetu wanajifunzia barazani, wanawatazama wakubwa wakicheza dhumna, kete inapigwa mezani pa! na mtoto amesimama nyuma ya babu yake anasema "sita na nne". Hakuna aliyemfundisha, na kete haikai mezani muda wa kuhesabu, unaona au unapitwa. Mnunulie dhumna, kwanza atafute zinazofanana azipange ncha kwa ncha, hata jina la namba asilijue.

Na kama mna mtu anayesuka ukili, ule wa miyaa wa kushonea mikeka, hapo nyumbani mkalisheni mtoto karibu. Ukili wa rangi ukikosea mnyaa mmoja mstari mzima unakwenda upande, inabidi ufumue. Mjukuu wangu anajua nimekosea kabla yangu, ananambia "bibi hapa nyeusi zimezidi", na kuhesabu kwake ndio kwanza anafika kumi na tano na hapo kumi na nne kairuka.

Bahari_Mvita

@Shangazi hiyo ndiyo ninayowaambia wazazi wa PP1 kila siku, ahsante!

Mama, jambo dogo tu kabla sijasahau, siku akishazoea trei mwambie tena "niletee vijiko sita", lakini sasa mwambie avipange mezani kama kwenye trei, vitano juu, kimoja chini. Usimpe trei, aipange kichwani. Na ukiona amepanga tatu tatu usimsahihishe, muulize ameonaje.

MamaWawili_Tabata

Sawa nimeelewa, ngoja nianze na huo mkono wa kufunika. Baba yake kashaanza kujipitisha pitisha anauliza hizo trei za nini.

Mzee_wa_Njiti

Haya bwana. Nina mjukuu hapa analetwa kila likizo, anaimba mpaka mia mbili na pipi nne hajui kugawana na mwenzake. Trei niliyonayo ni ile ya plastiki, inafaa?

Mwl_Awali_Sengerema

Ya plastiki ukiikata inaacha kingo kali mzee, itamchana vidole. Omba ya karatasi kwa wauza chipsi, wanazitupa kila jioni. Au rudi kwenye njiti zako, funga tano tano kwa mpira wa hela, tano mbili unazifunga pamoja ndio kumi.